Ng'ombe Aliyetiwa Chokaa

Changamwe,
19 Aprili 1948

Dada yangu Margret,

Shikamoo. Nimeketi mlangoni pa nyumba yangu (nyumba yangu! niache niandike tena: nyumba yangu) na mvua ya masika inapiga bati hata siwezi kusikia mawazo yangu mwenyewe. Chumba ni kimoja, jiko liko nje, malori hayakomi kupita, na mavyaa, mama yake Ngowa, anakaa mlango wa pili na anasikia kila ninachokaanga. Lakini dada, sijapata kuwa na raha kama hii! Ngowa hurudi kazini ananuka ng'ombe, huoga kwa sabuni ya kipande, kisha hunijia akinuka sabuni na ng'ombe pamoja. Zamani ningeziba pua. Sasa nikiipata harufu hiyo moyo unaruka. Ndivyo ilivyo? Mbona hukuniambia, wewe uliyetangulia kuolewa?

Lazima nikusimulie jambo. Unajua kazi yake: ng'ombe wa bara wakishushwa kwenye gari la moshi, yeye huwakagua kabla hawajapelekwa machinjioni. Jumatano alishushwa ng'ombe mwekundu, pembe moja imevunjika. Ngowa akamwekea mkono ubavuni, akahisi ndama anapiga teke. Pale pale akachovya brashi, akamtia alama ya chokaa mgongoni, maana yake asichinjwe. Mzee Ngumbao mwenye ng'ombe akafoka: "Wewe kijana, nyama ni nyama! Hiyo mimba utailea wewe?" Ngowa akamjibu, "Huyu ana roho mbili, mzee, na wewe umelipia moja."

Roho mbili! Dada, niliposimuliwa nililia ndani ya sufuria ya wali. Ni wangapi duniani waliopata mume anayehurumia hata kiumbe ambacho hakijaliona jua? Nimewasimulia wanawake wote wa kanisani.

Barua hii inaletwa na Musyoka, anayewaswaga ng'ombe wenye chokaa hadi zizi la Mzee Mwidani, anayewanunua awakamue, huko kwenu Mishomoroni. Unijibu kwa mkono wake huyohuyo. Wabusu wanao, Ruwa na Mbeyu.

Mdogo wako mwenye furaha kupita kiasi,
Dorcas


Mishomoroni, Kisauni,
26 Aprili 1948

Mdogo wangu Dorcas,

Barua yako imefika ikiwa na tope la kwato. Nimefurahi kwamba umefurahi. Siku marehemu Kenga aliponioa nami nilikuwa hivyo, ila sikuwa na karatasi nyingi kama zako.

Ng'ombe wako mwekundu amefika salama, yuko zizini kwa Mzee Mwidani, nyuma ya chumba changu cha ualimu. Mzee amemwekea majani mabichi na kivuli cha makuti. Watoto wangu wanamwita Bibi Harusi kwa ajili yako.

Mimi sijambo sana. Asubuhi harufu ya chai inanigeuza tumbo, natoka darasani mara kwa mara. Homa tu, usihangaike.

Nina jambo nataka kukuuliza kwa kuwa umesoma sekondari na mimi niliishia ualimu wa watoto wadogo. Yupo mwenzangu hapa, mjane kama mimi, ameshika mimba na hana mume. Padri wa shule akijua, au mkewe akijua, atafukuzwa kazini na chumbani siku hiyohiyo, pamoja na watoto wake. Ameambiwa kuna mama mmoja Likoni anayetoa dawa ya kuiondoa. Amenijia akilia. Ungemwambia nini?

Nijibu mapema.

Dada yako,
Margret


Changamwe,
3 Mei 1948

Dada mpenzi,

Mwambie asithubutu! Umshike mikono yote miwili umwambie: mdogo wangu Dorcas anasema asithubutu. Jibu lenyewe liko zizini nyuma ya chumba chako. Kama Ngowa wangu anaweza kumwokoa ndama asiye na jina kutoka kwenye kisu cha Ngumbao, je, mwanamke aliyebatizwa atamkosea mtoto wake mwenyewe? Roho ni roho tangu siku ya kwanza. Mwanamke anayetoa mimba amezidiwa utu na wachinjaji. Mwambie hivyo hivyo, usipunguze neno. Akiisha kulia atakushukuru.

Hapa kwetu ni asali. Musyoka akirudi hutuletea chupa ya maziwa kutoka kwa Mzee Mwidani, nami hupika chai nzito, tunainywa katika kikombe kimoja, yeye upande wa mkono na mimi upande wa pili. Mavyaa anasema tutavunjika meno kwa ujinga. Anaona wivu!

Homa yako inanitia wasiwasi. Nimemwomba Ngowa akutafutie vidonge vya kwinini, vimo ndani ya kitambaa hiki. Umeze upone.

Wako kwa mapenzi yote,
Dorcas


Mishomoroni,
11 Mei 1948

Dorcas,

Mwenzangu ameisoma barua yako. Ameisoma mwenyewe, sikuwa na haja ya kupunguza neno. Tangu siku hiyo haniulizi tena kitu.

Sasa nikupe habari za Bibi Harusi. Alizaa Jumapili ya tarehe 2, ndama dume, mwekundu kama mama yake. Ruwa alikosa ibada kwa kumtazama. Ndama alinyonya siku chache, maziwa yalipofunguka vizuri Musyoka akamfunga kamba akamswaga kwenda Changamwe. Unajua alimpeleka wapi? Kwa mumeo. Ndama dume hakamuliwi, kwa hiyo ni wa kisu, na safari hii hakupata chokaa. Muulize Ngowa.

Bibi Harusi alilia mchana kutwa, akazuia maziwa. Ng'ombe asiyemwona ndama wake hashushi. Basi Musyoka akarudi na ngozi ya yule ndama, Mzee Mwidani akaikausha, akaishindilia majani makavu, akaisimamisha kwa vijiti vinne, akaipaka chumvi. Kila alfajiri wanamwekea mbele yake. Ng'ombe anailamba ngozi ya mwanawe, maziwa yanashuka, Mzee anakamua. Chupa yako inajazwa hapo, mdogo wangu, mnayoinywa katika kikombe kimoja.

Mzee Mwidani si mtu mbaya. Hivyo ndivyo kazi ya maziwa ilivyo, na mimi mwenyewe nimeinywa miaka yote. Lakini sikupata kumwandikia mtu barua kwamba amezidiwa utu na wachinjaji, huku kikombe kikiwa mkononi. Huruma yenu ina mwisho wake: kiumbe akiwa gizani mnamlilia, akitoka nje tu mnamwekea sufuria.

Na vidonge vyako vya kwinini ninavyo hapa mezani. Je, unajua wanawake wa huku huvitumia kwa kazi gani, wakivimeza vingi kwa pamoja? Ulizia. Umesoma.

Margret


Changamwe,
14 Mei 1948

Dada,

Umenichoma. Nimeisoma barua yako nikaisoma tena nikitafuta mahali ulipoandika kwamba ni mzaha.

Kwanza nakujibu: mnyama si mtu! Mungu alitupa wanyama tuwale, hakutupa watoto. Unataka nile nini, mchicha mpaka nife? Harusini kwangu ulikula paja la mbuzi, nilikuona.

Hayo nilikuwa nimekwisha kuyaandika. Ndipo Ngowa akarudi, nikamuuliza habari ya ndama. Hata hakuficha. "Ndama dume alikuja, ndiyo. Mzima, mnene. Kwani vipi?" Nikamwambia: na ile huruma yako, je? Na roho mbili? Akacheka, dada. Akacheka akaketi chini. "Mke wangu, ile ni amri ya ofisi ya mifugo. Wenye mimba hawachinjwi ili ng'ombe wasipungue. Roho mbili nilikuwa namtania Ngumbao."

Mimi niliyewasimulia wanawake wote wa kanisani!

Nimemwaga maziwa. Tunakunywa chai ya rangi, tena kila mtu na kikombe chake. Mavyaa amesikia kimya chetu akaja kuchungulia, "Mmegombana?" kwa sauti ya mtu anayealikwa karamu. Habari ya kwinini niliiulizia, nikaambiwa vikimezwa vingi huharibu mimba. Mwambie mwenzako anisamehe. Vitupe vile vidonge, dada, nakuomba. Ngowa aliisoma barua yako, kisha akaniuliza, "Huyu mwenzake ana jina?" Nikasema sijui. Akatoka nje. Mwanamume huyu simwelewi tena.

Dorcas


Changamwe,
14 Mei 1948

Shemeji Margret,

Shikamoo. Mke wangu hajui kama nimeandika.

Kazi yangu ni kuweka mkono ubavuni na kujua. Wakati mwingine hata mkono hauhitajiki, mnyama anavyosimama tu inatosha. Nimezisoma barua zako. Shemeji, hakuna mwenzako.

Usinidhanie nimekuja kukuhubiria. Dorcas alinifanya mtakatifu kwa sababu ya brashi ya chokaa, na mimi nilinyamaza kwa kuwa ilikuwa raha kutazamwa vile. Mwenzangu mmoja wa kazini alifiwa na mkewe kwa vidonge kama hivyo. Kwa hiyo ninaomba neno moja: usivimeze, na usiende popote peke yako.

Mwambie Dorcas wewe mwenyewe. Anasema maneno mengi, lakini mwambie.

Shemeji yako,
Ngowa


Mishomoroni,
18 Mei 1948

Mdogo wangu,

Mwenzangu ni mimi.

Ni mimba ya miezi mitatu. Aliyenipa alikuwa na maneno matamu na mke Kisumu, na amekwisha kurudi kwa mkewe. Si mbakaji wala si mwizi, ni mtu aliyeondoka tu. Nilikuwa nimekaa peke yangu miaka minne tangu habari ya kifo cha Kenga ilipokuja kutoka vitani Burma, nikaona kama nimeshukiwa na jua. Wewe sasa hivi unalijua jua hilo, kwa hiyo sitaeleza zaidi.

Sikukuambia kwa kuwa barua yako ya kwanza ilitangulia. Nilikuwa nimekwisha kuchukua kalamu niandike, Musyoka akanikabidhi ng'ombe na roho mbili. Nikaogopa nyumba yenu.

Vidonge vya kwinini nimevitupa chooni. Lakini nimepatana na yule mama wa Likoni. Jumamosi tarehe 29 nitakwenda. Ruwa na Mbeyu watashinda kwa mke wa Mzee Mwidani. Nakuambia ili, likitokea lolote, ujue walipo watoto.

Dada yako,
Margret


Changamwe,
20 Mei 1948

Dada yangu, dada yangu, dada yangu,

Ni wewe niliyekuandikia maneno yale! Ningeweza ningemkimbilia Musyoka barabarani nimpokonye ile barua.

Usiende Likoni. Nimepata njia, nimeifikiri tangu jana, nzuri kama hadithi! Utakuja kwetu tumbo likianza kuonekana, utakaa ndani, majirani wataambiwa unaumwa. Mimi nitaanza kuvaa mto chini ya kanga, mdogo, kisha mkubwa, na nitatapika mbele ya mavyaa. Ukijifungua, mtoto atakuwa wangu na Ngowa. Wewe utarudi darasani, padri hatajua, jina lako litabaki safi, na mtoto utamwona kila Krismasi. Nitampenda, dada! Nimeshampenda! Hakuna atakayepoteza kitu.

Sema ndiyo. Nimeanza hata kushona mto.

Dorcas


Mishomoroni,
23 Mei 1948

Dorcas,

Hakuna atakayepoteza kitu?

Wewe utavaa mto, mimi nitatolewa mtoto mikononi nikirudishwa darasani, na kila Krismasi mtaniletea nimtazame huku akiniita mama mkubwa. Kesho yake alfajiri nitakuwa na nini? Ngozi na majani makavu. Nimeishi nyuma ya zizi, najua mlio wake.

Sikuandikii kwa hasira sasa, nimechoka tu. Katika barua zote hizi hukuwahi kuniuliza kama mimi naona kilichomo tumboni ni roho au si roho. Nakuambia bila kuulizwa: naona ni roho. Nimezaa wawili, najua ni kitu gani. Naogopa Jumamosi kuliko unavyoogopa wewe. Nitakwenda nikijua.

Ila nataka ulifikirie jambo hili. Ng'ombe wa Ngumbao alipotiwa chokaa, alipewa zizi, akapewa majani na kivuli, Musyoka akamvusha madaraja mawili polepole asije akaanguka. Na wanaompa hayo yote ni watu wanaomtaka maziwa. Mimi nikionekana na alama, natolewa chumbani na watoto wangu mvuani, na wanaonitoa ndio haohao wanaosema kilichomo ni kitakatifu. Nani kati yenu amekiwekea zizi? Wewe umekiwekea mto.

Jumamosi iko palepale.

Margret


Changamwe,
25 Mei 1948

Dada,

Mto nimeufumua.

Sijui kuandika barua fupi lakini hii itakuwa fupi. Bado naamini nilichoamini, sitakudanganya ili unipende. Na maziwa nimeyarudia, hilo pia sitakudanganya. Chai ya rangi ilinishinda kabla ya wiki. Nayanywa nikiiona ile ngozi, ndipo nilipofika, mbele ya hapo sijafika.

Usiku tumezungumza, mimi na Ngowa. Njoo ukae kwetu. Njoo na Ruwa na Mbeyu, na tumbo lako mbele, mchana. Mtoto ni wako, atakuita mama. Tutapiga pazia katikati ya chumba. Ngowa anasema atamwambia mzee wa kanisa yeye mwenyewe. Mavyaa atapiga kelele mpaka bandarini, na sisi tuliooana juzi tutasemwa, na wala sisemi kwamba haitaniuma, maana nilipenda sana kusifiwa.

Ijumaa jioni nitakuja Mishomoroni, ukubali usikubali. Kama Jumamosi utakwenda Likoni, nitakwenda nawe. Nitalia njia nzima, lakini nitakwenda, na nitakurudisha nyumbani.

Mdogo wako,
Dorcas


Mishomoroni,
27 Mei 1948

Mdogo wangu,

Musyoka amenikuta nimesimama mlangoni tangu asubuhi.

Nilipokwisha kuisoma barua yako nilikwenda kwa padri kabla sijapata muda wa kufikiri. Nilimwambia kabla hajaketi. Akasema, "Mwalimu, unajua utaratibu." Nikasema naujua. Akaniuliza kama ninatubu, nikamwambia namlilia Kenga, namlilia na huyu aliye tumboni, achague mwenyewe lipi ataliita toba. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi kutoka chumbani. Mkewe alinifuata nje, akanitia embe tatu kwenye pindo la kanga, akarudi ndani mbio.

Kwa yule mama wa Likoni nimepeleka neno kwamba siendi.

Sasa nisikilize. Usije ukawasimulia wanawake wa kanisani kwamba umeniokoa. Hukuniokoa, ulifungua mlango, nami nimeamua kupita. Huenda nitajuta. Ziko siku nitakuchukia ndani ya chumba chako hichohicho, nyuma ya hilo pazia. Na mwanamke mwingine akikuandikia kesho kwamba amekwenda Likoni, mwulize kwanza alikuwa na pa kulala au hakuwa napo.

Na sharti langu ni hili. Sitaingia Changamwe kama mgonjwa, wala kama mke wa mtu aliye safarini. Kabla sijafika, wewe mwenyewe utawaambia majirani: dada yangu Margret anakuja kukaa kwetu, ana mimba, hana mume. Ukiweza kuyatamka, nitumie neno na Musyoka kesho asubuhi. Usipoweza, sitakulaumu, lakini nitatafuta pengine.

Margret


Changamwe,
28 Mei 1948, asubuhi

Dada,

Nimeyatamka.

Nilitaka kumwambia mmoja mmoja, kwa sauti ndogo, nikaona nitapoteza ushujaa kabla ya mlango wa pili. Basi nimekwenda mferejini, saa ile foleni ya maji inapokuwa ndefu. Mavyaa alikuwa wa tatu. Nikasema, "Jamani, kesho dada yangu Margret anahamia kwetu na watoto wake." Wakasema karibu, karibu. Nikasema, "Ana mimba. Hana mume." Dada, maji yaliendelea kumwagika kwenye debe lililojaa na hakuna aliyefunga.

Mama mmoja akauliza, "Na baba yake mtoto?" Nikasema hayupo. Mwingine akacheka puani: "Na ninyi wenye ndoa ya kengele za kanisa, mnamweka ndani?" Sauti ilinitoka nyembamba kama ya Mbeyu, lakini ilitoka: "Ndiyo. Tunamweka."

Mavyaa alinitazama, akamtazama kila mmoja pale, akageuka akaenda zake, ameacha ndoo yake katikati ya foleni. Wakaanza kunong'ona. Nikaikinga ile ndoo mpaka ikajaa, nikajitwika, nikampelekea mlangoni kwake. Alikuwa amefunga. Nikaitua. Nilipokuwa naondoka nikasikia komeo likiguswa kwa ndani, na sauti yake: "Hao watoto wanalala wapi? Usiniambie chini, kwenye sakafu hiyo ya maji."

Hakufungua mlango. Ila alisema.

Ngowa amekwenda kuazima mkokoteni. Nakuja leo jioni, kama nilivyosema. Funga vyombo.

Dorcas